Mama anapopanda baiskeli, aibu ni ya nani?

MCHUKULIE mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Mungaa wilayani Ikungi, ambaye sasa anaishi Singida mjini na mume wake na watoto wawili. Anauza nguo za mitumba sokoni. Tangu utotoni kuna vitu viwili ambavyo havijamtoka moyoni: baiskeli na michezo. Alipokuwa shule ya msingi alicheza netiboli na kukimbia mita 800, akafika hadi mashindano ya UMITASHUMTA ngazi ya wilaya.

Siku hizi, akiamka saa kumi na moja na nusu alfajiri kwenda kuendesha baiskeli upande wa Ziwa Singidani, anatoka nyumbani kwake kama mwizi. Anafungua geti polepole lisije likalia. Anaikokota baiskeli hadi mwisho wa mtaa, anatazama nyuma, ndipo anapanda. Hajaiba kitu. Anakimbia maneno.

Jirani akimwona atasema mume wake kafulia, hata hela ya bodaboda imekosekana. Wifi yake atasema hakuna mwanamke anayetoka alfajiri kufuata upepo, lazima kuna mtu anamfuata huko. Vijana wa kijiweni watapiga miluzi na kumuuliza kama anabeba abiria. Na akirudi saa kumi na mbili na nusu jasho likimtiririka, atakuta watoto hawajanywa chai, na lawama zinamsubiri mlangoni.

Jina lake halina umuhimu hapa, kwa sababu anaweza kuwa mwanamke wa mtaa wowote wa Singida, Dodoma, Mwanza au Temeke. Anachopigania ni nusu saa kwa siku. Nusu saa hiyo huonekana jambo dogo, mpaka siku ambayo nesi anamfunga mkono kwa kipimo cha presha.

Mungaa, baiskeli ni gari la nyumba

Kule alikozaliwa hakuna anayeicheka baiskeli. Mungaa ni kata ya wakulima na wafugaji, na baiskeli ndiyo gari la nyumba. Inabeba madumu ya maji, inabeba gunia la alizeti, inapeleka mahindi mashine. Mtoto akishikwa na homa usiku, keria ya baiskeli ndiyo gari la wagonjwa la kumfikisha Hospitali ya Makiungu. Mwenye baiskeli nzima, yenye breki na tairi zinazoaminika, ni mtu anayeheshimika kijijini.

Lakini hata huko, baiskeli hiyo kwa kawaida ni ya baba. Mtoto wa kike hujifunza kwa kuiba nafasi. Baba akilala mchana, binti huitoa Phoenix nyuma ya nyumba, hupenyeza mguu katikati ya fremu kwa sababu kitini hafiki, na kuanza kuyumba nayo uwanjani. Huanguka, hujipangusa vumbi, huinuka. Kwa miaka michache hakuna anayemkataza, kwa kuwa akishajua kuendesha anafaa kutumwa mashine na dukani.

Siku inafika anavunja ungo. Hapo shangazi anamwita pembeni. "Mwanangu, sasa wewe ni mkubwa. Mambo ya kupanua miguu kwenye baiskeli waachie kaka zako." Anajibu, "Sawa shangazi," na baiskeli inarudi kwa kaka. Maji anaendelea kuyafuata, ila safari hii ndoo iko kichwani, na baiskeli imeegemezwa ukutani kivulini.

Pamoja na hayo, mwili wake haukuwahi kukaa bure. Kulima, kuchota maji, kukata kuni, kutwanga, kutembea kwenda kanisani na mnadani, vyote hivyo ni kazi ya misuli na moyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unatambua hivyo: mwendo wowote wa mwili unahesabika, uwe wa kazini, wa safarini, wa nyumbani au wa michezoni. Ndiyo maana bibi wa Mungaa hakuwahi kusikia habari za kwenda "kufanya mazoezi". Maisha yenyewe yalimfanyisha.

Mjini mwili unakaa, uchovu unabaki

Mambo yanabadilika mtu anapohamia mjini. Maji yako bombani uani. Jiko ni la gesi au mkaa wa kununua. Sokoni anakwenda kwa bodaboda, anarudi kwa bodaboda. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni ameketi kwenye kigoda nyuma ya lundo la nguo. Mchana anakula chipsi na soda kwa sababu muuza chipsi yuko jirani na wateja hawamruhusu kwenda mbali. Usiku anafika nyumbani amechoka mgongo, miguu imevimba, na bado sufuria, nguo za shule na madaftari ya watoto vinamsubiri.

Miaka minane ya maisha hayo inamwongezea kilo nyingi. Na hapa ndipo mtego ulipo, kwa sababu mtaani kilo hizo husifiwa. Akienda Mungaa msibani, wanamzunguka. "Mji umekupenda, dada!" "Shemeji anakutunza huyu." Unene unasomwa kama cheti cha ndoa nzuri. Mwanamke anayepungua ndiye anayeulizwa maswali: anaumwa nini, ana mawazo gani, au mume amehamia kwa mwingine?

Kisha siku moja anaumwa kichwa, anaingia kituo cha afya. Kipimo kinasoma 150 kwa 95. Anaambiwa arudi siku nyingine apimwe tena, kwa sababu kipimo kimoja hakitoshi. Anarudi, namba ni zilezile. Kwa kawaida shinikizo la damu huhesabiwa kuwa la juu likifika 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, na watu wengi wenye tatizo hili hawasikii dalili yoyote. Kichwa chake kinachouma pengine hakikuwa na uhusiano na presha, lakini kilimfikisha palipo na kipimo.

"Dada, unafanya mazoezi?" nesi anamuuliza.

"Nesi, mimi nachoka kila siku. Mazoezi gani tena?"

"Kuchoka si kufanya mazoezi, dada yangu."

Maneno hayo yangefaa kubandikwa kwenye kila nyumba ya mjini. Mwanamke wa mjini anachoka kwa kukaa vibaya, kwa kulala saa chache, kwa kelele, kwa mawazo ya kodi na ada. Uchovu huo ni wa kweli, wala hajidekezi. Lakini moyo wake haukudunda kwa kasi siku nzima, na misuli mikubwa ya mapaja, ambayo ikifanya kazi hutumia sukari nyingi iliyo kwenye damu, imelala tangu asubuhi. Mji umemwondolea kazi za mwili bila kumpa pumziko.

Hayuko peke yake. Takwimu za WHO zilizotolewa mwaka 2024 zilionyesha kuwa mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani takribani watu bilioni 1.8, hawakufikia kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa. Wanawake walikuwa nyuma ya wanaume: asilimia 34 kwa 29. Pengo hilo halitokani na uvivu wa wanawake. Linatokana na nani ana ruhusa ya kutoka nyumbani bila kuulizwa anakwenda wapi.

Hesabu ya baiskeli

Kiwango hicho si kikubwa kama wengi wanavyodhani. Mtu mzima anashauriwa kupata dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na kazi za kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Wastani unapimwa bila mashine yoyote: ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, hapo ndipo.

Kwa mwanamke huyu hesabu ni nyepesi. Kutoka nyumbani hadi sokoni ni dakika kumi na tano kwa baiskeli. Kwenda na kurudi ni nusu saa. Siku tano ni dakika 150. Dozi ya wiki imetimia bila kutafuta muda mwingine, bila kulipia jimu, na hela ya bodaboda imebaki mkobani. Aina hii ya mazoezi inamfaa mtu asiye na nafasi, kwa kuwa safari ambayo ingekuwepo kwa vyovyote ndiyo inayogeuka kuwa dawa.

Baiskeli ina faida nyingine kwa mwenye uzito mkubwa. Kiti kinabeba mwili, hivyo magoti hayapigwi kama yanavyopigwa katika kukimbia. Mapaja, makalio na pumzi vinafanya kazi. Mazoezi ya namna hii yakifanywa kwa mazoea husaidia kushusha shinikizo la damu, kupunguza hatari ya kisukari aina ya pili, na kutuliza msongo wa mawazo. Wengi huona usingizi ndio unaotengemaa mapema zaidi, hata kabla mizani haijasogea.

Lakini baiskeli haichukui nafasi ya vidonge. Aliyeandikiwa dawa za presha anaendelea nazo, na uamuzi wa kuzipunguza ni wa daktari wake. Mwenye maumivu ya kifua, anayezimia au anayeishiwa pumzi kwa kazi ndogo, aonane na daktari kwanza kabla ya kukanyaga pedeli.

Maneno ya mtaani na majibu ya kitabibu

Kinachowazuia wanawake wengi si mlima wala upepo wa Singida. Ni maneno yanayorithishwa, na kila neno lina jibu lake.

La kwanza ni bikira. Wazazi huwakataza mabinti baiskeli wakihofia kizinda. Ukweli ni kwamba kizinda hutofautiana kwa kila msichana, kinaweza kunyooka au kuchanika kwa shughuli nyingi za kawaida, na hakuna kipimo cha kitabibu kinachoweza kukitumia kuthibitisha kwamba mtu amewahi au hajawahi kujamiiana. Oktoba 2018, WHO pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitaka upimaji wa bikira ukomeshwe duniani kote. Kumnyima mtoto baiskeli ili kulinda ushahidi ambao si ushahidi ni kumnyima bure.

La pili ni uzazi. Wapo wanaosema mwanamke anayeendesha baiskeli hatashika mimba. Uendeshaji wa kawaida haumfanyi mwanamke kuwa tasa. Kinachoweza kuvuruga hedhi ni mazoezi makali mno yakiambatana na chakula kidogo mno, jambo linalowapata zaidi wanariadha wa mashindano kuliko muuza mitumba anayekwenda sokoni. Hedhi yenyewe haimkatazi mtu mazoezi, na baadhi ya wanawake husema mwendo huwapunguzia maumivu ya tumbo.

La tatu ni ujauzito, na hapa tahadhari ipo. Mjamzito asiye na tatizo la kitabibu anashauriwa aendelee kuushughulisha mwili, naye kiwango chake ni angalau dakika 150 za wastani kwa wiki. Lakini anatakiwa kuepuka mambo yenye hatari ya kuanguka, na tumbo linapokua mizani ya mwili hubadilika. Kwa kipindi hicho ni busara kuiegesha baiskeli na kutembea kwa miguu, kwa ushauri wa kliniki.

La nne ni maumivu ya sehemu za siri na mgongo. Mara nyingi kosa ni la kiti. Kikiwa chini sana, magoti yanaumia. Kikiwa juu sana, nyonga inayumba. Kipimo rahisi ni kukaa kitini na kuweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Ukiweka unyayo mahali pake wakati wa kuendesha, goti litakuwa limekunjwa kidogo tu. Fundi baiskeli chini ya mti anaweza kurekebisha hilo kwa spana moja.

Na la tano ni mavazi. Suruali chini ya gauni, trakisuti, au baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu, vyote vinatosha. Mwanamke haivui heshima yake kwa kupanda baiskeli. Cha kuangalia ni khanga au dera refu lisiingie kwenye cheni, kwa sababu hilo ndilo linaloangusha.

Walioambiwa hawawezi

Hofu ya mwili wa mwanamke kwenye michezo si ya Singida peke yake. Mwaka 1967, Kathrine Switzer alipokimbia marathoni ya Boston nchini Marekani, ofisa wa mashindano alijaribu kumtoa barabarani kwa nguvu. Wanawake waliruhusiwa rasmi katika mbio hizo mwaka 1972. Katika Olimpiki, marathoni ya wanawake na mbio za baiskeli za barabarani za wanawake zilianza mwaka 1984 mjini Los Angeles. Kabla ya hapo, kwa miongo mingi, sababu zilizotolewa zilifanana sana na zile za shangazi wa Mungaa: mwili wao hautahimili, uzazi utaharibika, haipendezi.

Tanzania nayo ina majibu yake. Mwaka 1965 Theresia Dismas alirudi na medali ya fedha ya kurusha mkuki kutoka Michezo ya Afrika iliyofanyika Brazzaville, nchi ikiwa bado changa. Mwaka 2023 Magdalena Shauri alimaliza wa tatu katika marathoni ya Berlin kwa saa 2:18:41 na kuweka rekodi ya taifa ya wanawake. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika, na wanawake walishindana kwenye milima ileile waliyoshindania wanaume. Jiji hilo lina pia siku ambazo barabara kadhaa hufungwa kwa magari ili watu wakimbie, watembee na waendeshe baiskeli, desturi iliyoanza mwaka 2016.

Mwezi huohuo wa Septemba 2025, Ikungi ilipata sherehe yake. Alphonce Simbu, mzaliwa wa wilaya hiyo, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia mjini Tokyo kwa saa 2:09:48, akimpita mpinzani wake wa Ujerumani kwa kifua tu kwenye mstari wa mwisho, na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Wazazi wengi wa Singida waliwaambia watoto wa kiume: nenda kakimbie, uwe kama Simbu. Swali la nyumbani ni je, usiku ule, binti aliyekuwa anaosha vyombo aliambiwa nini?

Ajabu yenyewe ni kwamba uwanja mkubwa wa mpira wa Singida mjini, uliojulikana zamani kama Namfua, sasa unaitwa Liti. Liti alikuwa mwanamke wa Kinyaturu ambaye masimulizi ya wenyeji yanamkumbuka kwa kuwapinga Wajerumani akitumia nyuki. Mkoa umempa mwanamke jina la uwanja wake wa michezo, na bado kuna mwanamke anayeikokota baiskeli gizani asionekane.

Nusu saa hiyo ni ya nani?

Turudi kwenye nyumba yake. Mume wake anacheza mpira wa maveterani kila Jumapili jioni. Anatoka saa kumi na begi lake, anarudi saa moja usiku amechechemea na kucheka, maji ya kuoga yako tayari. Mtaa mzima unamwita mwanamichezo. Hakuna aliyewahi kumuuliza amewaacha watoto na nani.

Mke akitoka nusu saa, swali hilo ndilo la kwanza.

Si kwamba mume ni mtu mbaya. Hajawahi kuhesabu tu. Wanandoa wengi hawajawahi kukaa wakahesabu saa za siku kama wanavyohesabu hela za matumizi. Wakihesabu, wataona kwamba muda wa mama wa kutunza mwili wake haupo mahali popote kwenye ratiba, na kwamba kila dakika anayoipata ni ya kuombwa au ya kuibwa. Mazoezi ya kuibwa hayadumu. Mtu hawezi kutoka kama mwizi miaka kumi.

Suluhisho lake ni dogo na ni la nyumbani. Mume anaamka dakika ishirini mapema, anabandika chai. Mtoto mkubwa wa darasa la sita anamvalisha mdogo wake sare. Siku tatu za wiki mama anatoka, siku nyingine baba anatoka. Wakati mama anakwenda sokoni kwa baiskeli, safari hiyo haimgharimu mtu kitu. Presha ya mama ikipanda hadi kiharusi, nyumba nzima italipa muda mwingi zaidi ya huo, na duka litafungwa.

Barabara nayo ina sehemu yake. Maneno ya jirani hayavunji mfupa, lakini lori na pikipiki vinavunja. Mwendesha baiskeli akae kushoto, avae kofia ngumu na nguo ya rangi inayoonekana, awe na taa mbele na nyuma kama bado kuna giza, na apime breki kila siku kabla ya kutoka. Ni vizuri zaidi kutoka wawili au watatu, kwa usalama wa gari na usalama wa watu. Halmashauri zinazojenga barabara za lami zinapaswa kukumbuka kwamba pembezoni mwa lami kuna mama mwenye baiskeli, naye ni mlipa kodi.

Nafasi ya kuanzia ipo. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi nchini ili kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Familia inayoona aibu siku nyingine inaweza kuanza na Jumamosi hiyo, baba, mama na watoto pamoja. Anayeanza aanze na dakika kumi kwenye tambarare, aongeze kidogo kila wiki, asishindane na mtu. Na asitarajie kilo zishuke ndani ya wiki mbili, kwa sababu pumzi hupona kwanza, uzito hufuata polepole, tena kwa msaada wa kupunguza soda na chipsi.

Mama mkwe anapokuja mjini

Miezi sita baadaye mama mkwe anakuja kutoka Mungaa na kuku wawili wa kienyeji na mfuko wa mlenda mkavu. Anamtazama mkwewe kuanzia juu hadi chini, anaketi, anashusha sauti.

"Mwanangu, unaumwa? Au huyu mwanangu hakutunzi?"

"Siumwi, mama. Naendesha baiskeli. Presha imeshuka."

Bibi ananyamaza. Naye ana presha. Hospitali walimwambia apunguze chumvi na atembee, akatikisa kichwa kwa adabu, lakini nani amwone mtu mzima anatembea bila ndoo, bila jembe, bila sababu? Tangu magoti yaanze kumsumbua na wajukuu waanze kumchotea maji, siku zake nyingi zimekuwa za kukaa barazani.

Asubuhi inayofuata geti linafunguliwa na linalia kama kawaida yake. Mkwe anatoka na baiskeli, safari hii bila kunyata. Nyuma yake bibi anafunga khanga vizuri kiunoni, anavaa raba za mjukuu, anaanza kutembea taratibu kuelekea ziwani. Jirani anachungulia dirishani, anafungua mdomo kusema neno.

"Shikamoo bibi! Mnakwenda wapi asubuhi yote hii?"

"Marahaba. Tunakwenda kutafuta afya," bibi anajibu bila kusimama. "Vaa viatu uje."